Sura ya Saba: Unarushia Kampuni Gani?

Ukimwambia mtu Nairobi kwamba una leseni ya urubani, swali la kwanza huwa hilo. Wala hakosei kuuliza. Vijana wengi wanaojifunza kurusha ndege pale uwanja wa Wilson wanatafuta ajira. Leseni ya urubani binafsi kwao ni ngazi ya kwanza. Wakishaipata wanaendelea kukusanya saa hadi leseni ya biashara, kisha wanaanza kubisha hodi kwenye makampuni. Sasa mtu aliyelipa ada yote ile, akakesha na vitabu vya sheria za anga na hali ya hewa, akafaulu, halafu Jumatatu akarudi zake kufundisha kemia au kuuza bima, huyo watu hawajui wamweke wapi. "Leseni ya nini basi?"

Sura hii ni yake. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinamtaka awe na miaka 17 au zaidi, awe amekaa hewani saa zisizopungua 40, au 35 ikiwa amesoma katika kozi iliyoidhinishwa, awe na cheti cha afya cha daraja la pili, kisha aruke mbele ya mtahini. Akishapita, anaruhusiwa kumbeba amtakaye na kwenda popote penye kiwanja, mradi asipokee malipo kwa kazi hiyo. Ni uhuru mkubwa sana kwa mtu mwenye saa 40 tu. Miaka michache baadaye, wengi waliopewa uhuru huo hawaruki tena. Hawakuanguka, hawakunyang'anywa leseni. Waliacha tu, kidogo kidogo, hadi siku moja cheti cha afya kikaisha muda na hakuna aliyekumbuka kwenda kwa daktari.

Ukiwauliza watakwambia ni pesa, na kweli pesa imo. Lakini nimekaa na watu hawa muda mrefu, nami naamini chanzo kiko mbele ya pesa. Walijifunza kuruka kwa ajili ya safari kubwa: kuwapeleka marafiki Lamu, kushuka Mara kwa chakula cha mchana, kumfuata mama Kisumu. Safari kubwa kwa ndege ndogo ya injini moja huja kwa nadra, hugharimu sana, na mara nyingi haiendi. Aliyeishikilia hiyo peke yake huchoka. Wanaodumu ni wale waliojifunza kuipenda safari fupi.

Tuanze na pesa, tumalizane nazo. Ndege hukodishwa kwa saa, na kwa kawaida saa huanza kuhesabiwa injini ikiwaka, magurudumu yakiwa bado chini. Jumamosi asubuhi pale Wilson unaweza kukaa kwenye foleni nyuma ya ndege za Caravan za watalii wa Mara, propela inazunguka, mita inasoma, na hujaenda popote. Hizo Caravan zinatumia Jet A-1, ambayo ni jamaa wa karibu wa mafuta ya taa, na inapatikana kila penye kiwanja cha maana. Cessna 172 yako inataka avgas, petroli yenye madini ya risasi iliyotiwa rangi ya buluu, inayoagizwa kutoka nje kwa ajili ya wateja wachache. Ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana kabla ya kwenda popote lazima upige simu uulize kama ipo, na uulize tena siku ya safari. Vipuri hununuliwa kwa dola. Injini yenyewe ikikaribia saa 2,000 hufumuliwa na kujengwa upya, na kila saa unayoruka inakatwa kwa ajili ya siku hiyo. Sina njia ya kuzifanya hesabu hizi ziwe tamu. Anayetaka kuruka aziweke mezani pamoja na karo na kodi ya nyumba, mwenzake wa nyumbani akiwa anazitazama.

Hesabu ya pili ni ya uzito, nayo ndiyo inayovunja ndoto ya kwanza. Cessna 172 ina viti vinne. Zile za miaka ya 1970, ambazo bado zinafanya kazi kubwa katika shule zetu, zinaruhusiwa kupaa na uzito usiozidi kilo 1,043. Ndege yenyewe tupu ina karibu kilo 650. Zinabaki kama 390. Weka watu wazima wanne wa kilo 80, zimebaki 70. Kila mmoja akija na begi la kilo 10, zimebaki 30, yaani lita 40 na kitu za avgas, wakati injini inakunywa lita 30 na zaidi kwa saa. Kutoka Nairobi hadi Lamu ni zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo viti ni vinne, watu ni wawili, au watatu wembamba wenye mizigo midogo.

Na hapo bado hatujazungumza kuhusu hewa. Uwanja wa Wilson uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya urubani vinahesabu kwamba joto la kawaida kwenye mwinuko huo ni nyuzi 4. Adhuhuri ya Februari Nairobi inafika 25 na kupita. Kila nyuzi inayozidi inaongeza kama futi 120, na ukijumlisha utaona kwamba injini na mabawa vinafanya kazi kana kwamba viko futi 8,000. Huko juu injini isiyo na turbo imeshapoteza karibu robo ya nguvu zake. Ndege inakimbia sana kabla ya kunyanyuka, na ikinyanyuka inapanda kwa kujivuta, huku vilima vya Ngong, ambavyo navyo vinafika futi 8,000, vikikungoja upande wa magharibi. Mwanafunzi ameruka hapa mara nyingi, ndiyo, lakini alikuwa na mkufunzi mmoja na mafuta ya kiasi. Siku anayowapakia wenzake watatu ndiyo siku ya kwanza anarusha ndege nzito kweli, na pembeni yake hakuna wa kumwambia "acha, tusiende".

Abiria ndiye anayebadilisha kila kitu. Shangazi yangu wa Mombasa alinipigia simu mara tu habari zilipomfikia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia siku hizi warusha ndege."

"Naam, ndogo tu, za kukodi."

"Basi kodi. Mwezi ujao ni Maulidi. Mimi na mamako na mamako mdogo, utupeleke Lamu."

Kutoka Mombasa hadi Lamu ni mwendo wa saa moja na robo hivi, kufuata pwani, Malindi, kisha mdomo wa Mto Tana, kisha visiwa. Hakuna mlima. Kwa rubani mpya ni safari ya kutamanika kuliko zote. Lakini tazama yaliyomo ndani ya ombi lile. Abiria watatu, ambao lazima uwaulize uzito wao, wote wakubwa zako, na uzito haukisiwi kwa heshima. Tarehe iliyopangwa, isiyosogea. Jamaa wa Lamu wameshaambiwa. Na watu watatu wanaopanda kwa sababu wewe ni mtoto wao, wala hawana namna yoyote ya kupima kama unajua unachokifanya.

Hapa huwa namkumbuka Kamau. Anga hili la burudani lilikuwa la walowezi. Aero Club of East Africa iliundwa mwaka 1927, na miaka miwili baadaye Florence Kerr Wilson akaanzisha kampuni ya ndege ambayo jina lake limebaki kwenye uwanja hadi leo. Mmoja wa watu maarufu wa siku hizo alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji aliyenunua ndege ndogo ya Gipsy Moth na kupanga kuitumia kuwatafuta tembo kutoka angani. Mei 1931 alipaa kutoka Voi, na dakika chache baadaye ndege ikaanguka na kuwaka moto. Dunia imemsoma Finch Hatton na kumtazama kwenye sinema. Kwenye kiti cha pili alikuwepo mtumishi wake Mkikuyu, Kamau, aliyekufa naye, na katika masimulizi mengi ametajwa kwa jina hilo moja na kupitwa. Kila ninapomfunga mtu mkanda nafikiria kwamba huyu naye anakaa kwenye kiti cha Kamau. Uamuzi wote ni wangu, na matokeo ni yetu sote.

Nilimwambia shangazi: nikikubali, wekeni na nafasi kwenye basi. Asubuhi ile, kutoka Malindi kwenda mbele mawingu yalikuwa yamelala chini na mvua inanyesha kwa vipande. Wakasafiri kwa basi. Hakufurahi, wala sikumlaumu. Lakini uzuri wa tiketi ya basi ni kwamba ilininunulia uwezo wa kusema hapana. Ningeirudia nasaha hii kwa kila mwenye leseni mpya: usimwahidi mtu safari ya ndege ndogo bila kumwachia njia nyingine ya kufika. Rubani ambaye watu wake hawana njia nyingine ameshaamua kuruka kabla hajatazama nje.

Hatari yenyewe inajulikana vizuri, na inahusu mawingu. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwachukua watu 20 waliojua kuruka kwa kutazama nje lakini hawakujua kuruka kwa kutegemea vyombo, wakawazuia wasione nje, kama vile wameingia winguni. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Wa kwanza alishindwa baada ya sekunde 20, aliyevumilia kuliko wote alifika dakika 8, na wastani ulikuwa sekunde 178. Dakika tatu hazikutimia. Sababu iko ndani ya sikio. Ndege ikianza kulala upande taratibu, majimaji ya sikio la ndani yanazoea na kutulia, na mwili unakuapia kwamba umenyooka ilhali unazunguka kushuka. Unavuta usukani kuinua pua, na mzunguko unazidi kukaza. Watafiti wale hawakutaka kutisha watu. Walikuwa wanatafuta namna ya kumfundisha rubani wa kawaida ageuke nyuzi 180 kwa kutumia vyombo vichache na kurudi alikotoka, na waliofundishwa walifaulu karibu wote. Somo hilo limo katika mafunzo hadi leo. Tatizo ni kwamba ujuzi huu huyeyuka usipotumiwa, na anayeruka mara moja baada ya miezi mingi hana nao siku anapouhitaji.

Julai 16, 1999, John F. Kennedy Mdogo aliondoka New Jersey giza likiingia, akirusha Piper Saratoga yake kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard pamoja na mkewe na shemeji yake. Leseni yake ilikuwa ya mwaka uliotangulia, na saa zake zilikuwa kama 310. Juu ya bahari palikuwa na utusitusi, hapakuwa na mstari wa kutenganisha maji na mbingu. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulihitimisha kwamba alipoteza mwelekeo na kushindwa kuidhibiti ndege. Wote watatu walikufa. Hakuvunja sheria kwa kuruka usiku ule. Siku iliyofuata kulikuwa na harusi ya binamu yake, na jamaa walikuwa wanangoja. Nikisoma habari ile, nauona wito uleule wa Maulidi.

Huku kwetu mtego una majira yake. Juni hadi Agosti mawingu mepesi yanaweza kulala juu ya Nairobi asubuhi nzima, na wageni wako wanaona kama ni baridi tu. Ukielekea Kisumu, asubuhi Bonde la Ufa linapendeza hadi unatamani kuimba, lakini mchana mawingu yanajengeka juu ya Mau, Kericho na Nandi. Sehemu zile ni miongoni mwa zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Wakulima wa chai watakusimulia. Kwa hiyo kwenda kumwona mama si kazi. Kazi ni kurudi Jumapili jioni, wakati Jumatatu saa mbili una darasa. Lazima uwe tayari kulala kwa mama siku mbili za ziada, na mwajiri wako awe mtu wa kuelewa.

Wala anga si tupu hata likiwa jeupe. Machi 5, 2024, juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyotoka Wilson kwenda Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo. Watu 44 wa Dash 8 walirudi Wilson salama. Mkufunzi na mwanafunzi wake waliokuwa kwenye Cessna walikufa. Wanaoruka pale wote wanaijua hali yenyewe: ndege za shule, za watalii na za mizigo ya kaskazini zinapita kwenye mlango mwembamba, na redioni maneno yanafuatana bila pumzi. Kulisikiliza anga hilo na kujua nani yuko wapi ni ustadi unaotaka mazoezi ya mara kwa mara kuliko hata kutua.

Kanuni ya nchi nyingi inasema kwamba ili ubebe abiria lazima uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Ni kipimo cha chini mno. Unaweza kuzimaliza zote tatu alasiri moja tulivu, sheria ikaridhika, halafu wiki kumi na mbili baadaye ukakutana na upepo wa ubavuni mbele ya wageni wako. Mimi ningemwambia mwenye leseni mpya ajiwekee kipimo kikali zaidi: mwezi usipite bila kuruka, na kila baada ya miezi michache alipe saa moja ya mkufunzi, hata kama hakuna anayemlazimisha. Saa hiyo afanye yale asiyoyapenda.

Kwa sababu ya gharama, njia iliyowaokoa wengi ninaowajua ni ile ambayo Wakenya hawahitaji kufundishwa: chama. Watu wanne watano wanachanga, wananunua ndege ya zamani yenye afya, wanagawana bima, maegesho na ukaguzi wa mwaka, na kila mmoja analipia saa zake. Ugomvi haukosekani. Nani ameiacha na tangi tupu? Nani ameikalia wikendi zote za Desemba? Mwanachama asiyeruka lakini anayelipa kila mwezi huanza kununa, na huyo mara nyingi ndiye wa kwanza kuuza hisa yake. Andikeni masharti mkiwa bado mnapendana, hasa kuhusu anayetaka kutoka na kuhusu siku injini itakapodai kufumuliwa. Lakini chama kina faida ambayo haipo kwenye hesabu: kinakuletea watu. Mwenzako akikuuliza Ijumaa, "Kesho tunaruka?", utaruka. Na mkisimama wawili mkitazama wingu lilelile, ni rahisi zaidi kukubaliana kurudi nyumbani.

Halafu kuna manufaa kwa ndege yenyewe. Ndege isiyoruka inaharibika. Unyevu unaingia kwenye injini na kutu inaanza kula sehemu zilizokauka oili. Ndege wa manyoya wanajenga kiota chini ya kifuniko cha injini. Nyigu anaziba kwa udongo ule mrija mdogo chini ya bawa unaopima mwendo, na ukipaa bila kuutazama, mshale wa mwendo utabaki sifuri huku unakimbia.

Kwa hiyo safari fupi huanza kwa kutazama. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mabawa bado yana umande. Unafungua kizibo kidogo chini ya tangi na kukinga avgas kwenye kikombe cha plastiki, unakiinua kwenye mwanga. Buluu hafifu ndiyo unayoitaka. Maji yakiwemo, yamejikusanya chini kama shanga isiyo na rangi, na utamwaga na kukinga tena hadi yaishe. Unapanda kwenye bawa kuchovya kijiti cha kupimia mafuta, kwa sababu geji za ndege hizi hazistahili kuaminiwa. Oili. Matairi. Mrija wa nyigu. Unapitisha kiganja kwenye ukingo wa propela kutafuta mahali palipochomwa na kokoto. Vidole vinanuka petroli hadi mchana.

Kisha unapaa, peke yako au na mwanachama mwenzako, hewa ingali baridi na ndege inapanda kwa hiari. Unakwenda hadi juu ya tambarare za Kajiado, unageuza kwa mwinamo mkali kushoto na kulia bila kupoteza futi hamsini, unapunguza nguvu hadi mabawa yaanze kutetema, unaiokoa. Unachagua shamba ambalo ungetua injini ikizimika sasa hivi, unaliangalia kwa makini, unakuta lina nguzo za umeme, unachagua lingine. Unarudi, unatua, unapaa papo hapo, unatua tena ukilenga mstari uleule. Hakuna picha ya kuwarushia watu. Lakini kuna raha pale ambayo sijaikuta kwenye safari yoyote ya mbali: mikono inajua, masikio yanamsikia mwongozaji wa ndege kabla hajamaliza sentensi, na upepo wa ubavuni uliokutoa jasho mwezi uliopita leo unaujibu kwa mguu bila kufikiri.

Shangazi naye alipata yake. Baada ya Maulidi nilimchukua Mombasa, asubuhi moja isiyo na wingu, peke yake, kwa dakika ishirini tu: tukazunguka kisiwa, Tudor, Nyali, tukaona feri ya Likoni ikivuka. Alilitafuta paa la nyumba yao ya Mji wa Kale kwa bidii hadi akalipata, akaniambia kwa sauti kubwa ndani ya kisikizi kwamba mabati ya nyuma yamekula kutu na fundi alimdanganya. Alimpigia fundi huyo simu kabla hatujatoka langoni. Safari ya Lamu hajaitaja tena, ila kila nikishuka Mombasa ananiuliza kama hewa ya kesho asubuhi itakuwa nzuri.